Tanga: sheria ya mimba na muuguzi anayesitasita

Kutoka Tanga mjini hadi mpakani Horohoro ni kilomita 65 hivi. Ukivuka kuingia Lunga Lunga unakuta Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo ibara yake ya 26 inakataza kutoa mimba isipokuwa pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona matibabu ya dharura yanahitajika, au maisha au afya ya mama iko hatarini. Huku kwetu inatumika Kanuni ya Adhabu, iliyoanza mwaka 1945: anayetoa mimba ya mwingine anaweza kufungwa miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, na aliyempa dawa au kifaa miaka 3. Kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa ustadi ili kuokoa maisha ya mama. Kinataja upasuaji tu. Vidonge je? Kifungu kiko kimya, na anayebaki kuumiza kichwa ni muuguzi wa zamu.

Juu ya hayo, mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, inayozitaka nchi kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu kwa aliyebakwa, aliyepewa mimba na ndugu wa damu, au ambaye mimba inahatarisha afya yake ya mwili au ya akili. Lakini kwetu mkataba hauna nguvu ya sheria mahakamani mpaka Bunge liutungie sheria. Kwa hiyo binti aliyebakwa anapewa polisi PF3, yaani fomu ya kwenda kutibiwa, anatibiwa majeraha, anapimwa VVU, na mimba ikiwa imeshatunga anaambiwa sheria hairuhusu.

Wanaotetea sheria ilivyo wasidharauliwe. Tanga ni mji wa misikiti na makanisa, na kwa wengi uhai wa aliye tumboni si wa kupigiwa kura. Hata hivyo wanazuoni wa Kiislamu kwa kawaida hutanguliza uhai wa mama pale ambapo hakuna njia nyingine, kwa hiyo msikitini nako mjadala haujafungwa kabisa. Hoja ya watetezi hao wa sheria ninayoiona nzito zaidi haitokani na dini. Wanasema: legezeni sheria, na wa kwanza kufaidika atakuwa mwanamume aliyempa mimba mwanafunzi, maana atafutilia mbali ushahidi mchana kweupe. Hofu hiyo ni ya kweli. Ila mwanamume huyo tayari anampeleka binti chumba cha nyuma, kwa mtu asiyejua kitu, na binti akiharibika yeye anatoweka.

Utafiti mmoja ulikadiria kuwa mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa Tanzania, na wanawake wapatao 66,600 walitibiwa kwa madhara yake. Makadirio si hesabu ya kichwa kwa kichwa, lakini hata ukiyapunguza nusu, katazo halijazuia.

Wanaotaka mabadiliko nao wasidhani kwamba sheria mpya inatosha. Mwaka 2019 huko Kenya, pamoja na kuwepo kwa katiba ile, tabibu mmoja wa Kilifi na msichana aliyemhudumia walikamatwa. Ilichukua hadi Machi 2022 kwa Mahakama Kuu ya Malindi kusema kukamatwa kwao hakukuwa halali, na hukumu hiyo nayo ikakatiwa rufaa. Marekani, haki ya kutoa mimba iliyotambuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1973 ilifutwa na mahakama hiyohiyo Juni 2022.

Mimi naanzia kwenye kitanda cha mgonjwa. Mwanamke analetwa usiku kwa bajaji, kanga imelowa damu, presha imeshuka. Mimba imetoka yenyewe au imetolewa? Mara nyingi kwa kumtazama tu huwezi kujua, na tiba ni ileile: dripu, dawa za kuzuia maambukizi, kusafisha kizazi kwa pampu ya mkono, kisha ushauri wa uzazi wa mpango kabla hajaruhusiwa. Huduma hiyo ni halali leo, haihitaji kusubiri Bunge. Lakini akiulizwa “ulikunywa nini?” kwa sauti ya polisi, atanyamaza, na mwenzake wa mtaani akisikia atakaa nyumbani hadi homa impande. Hofu ya kuulizwa inaua hata yule ambaye mimba yake ilitoka kwa bahati mbaya.

Kwa waliobakwa, na watoto waliopewa mimba na ndugu zao, naunga mkono Bunge kutimiza tulichoridhia 2007. Mlango wazi kwa kila sababu siuungi mkono, na najua wapo watakaoniona mwoga.

Hilo litachukua miaka. La mwezi huu ni karatasi ukutani katika kila zahanati ya mkoa, kwa Kiswahili: kwamba anayevuja damu anatibiwa kwanza, kwamba siri yake inatunzwa, dalili zipi zinatosha kumpa rufaa ya kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na nani anasaini pale kifungu cha 230 kinapohitajika saa nane za usiku.