Madoa ya Jua: je, Mbeya tuhesabu au tuwaachie wenye setilaiti?

Tarehe 1 Septemba 2016 watu walifurika Rujewa, wilayani Mbarali, kutazama Jua likipatwa kipete. Wapo wanaotamani hamasa ya namna ile igeuke kazi ya kudumu: walimu na vijana wa Mbeya na Iringa wajitolee kuhesabu madoa ya Jua, yale mabaka meusi yanayojitokeza kwenye uso wake, kwa darubini ndogo, kisha hesabu zipelekwe SILSO, kituo kilichoko Brussels ambacho hupokea hesabu kama hizo kutoka nchi nyingi, nyingi zikiletwa na watu wasiolipwa hata senti. Wengine wanaona ni kupoteza muda. Mimi naunga mkono, lakini kwa sharti.

Wanaopinga wana hoja nzito. Tangu mwaka 2010 setilaiti ya Marekani iitwayo SDO inapiga picha za Jua usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Mwanafunzi wa Tukuyu, ambako ukungu unaweza kukaa hadi saa nne asubuhi, ataongeza nini hapo?

Ataongeza ulinganifu. Heinrich Schwabe, mfamasia wa Ujerumani, alianza kuandika madoa mwaka 1826, na kazi yake ndiyo iliyofichua kwamba huongezeka na kupungua kwa mzunguko, ambao leo tunajua ni wa miaka 11 kwa wastani. Baadaye Rudolf Wolf akaweka kanuni: kila kundi la madoa lihesabiwe 10, kisha ujumlishe doa mojamoja. Ukiona makundi 3 yenye madoa 14, unaandika 44. Halafu kila mwangalizi hupewa kizidisho chake, kinachosawazisha jicho na darubini yake na za wenzake. Setilaiti huona vidoa ambavyo Wolf asingeviona, kwa hiyo anayetaka kulinganisha Jua la leo na la karne ya 19 bado anahitaji jicho la mtu na lenzi ndogo. Na watu hao wawe wengi. Mfululizo wa hesabu za madoa tangu enzi hizo ulipofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2015, moja ya kasoro zilizosahihishwa ilitoka Locarno, Uswisi, kituo kilichokuwa kipimo cha wengine wote. Hesabu zake zilikuwa zimeyumba kidogokidogo kwa miaka mingi, na kulinganishwa na waangalizi wengine ndiko kulikofichua.

Kuna hoja ya upande wangu ambayo siikubali: kwamba anga letu litaziba mapengo ya Ulaya. Kiangazi chetu huangukia zaidi kwenye majira yao ya joto, na Desemba wao wakiwa chini ya mawingu, sisi tuko kwenye mvua.

Suala la macho halina mjadala. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haisikii maumivu. Mtoto anaweza kuiunguza bila kujua. Kwa shule ningeruhusu njia moja tu, ya kurusha taswira: darubini inaelekezwa kwenye Jua bila mtu kuchungulia, darubini ndogo ya kulengea inafunikwa kabisa, na taswira inaangukia kwenye karatasi nyeupe nyuma ya lenzi ya kuchungulia ya darubini. Chora duara kwanza, taswira ilijaze, kisha weka alama ya kila doa kwa penseli. Acha darubini itulie, utaliona doa likisogea lenyewe kwenye karatasi. Upande linakokwenda ndio magharibi ya mchoro wako. Mtu mzima asiondoke hapo hata dakika moja, maana kishawishi cha kuchungulia ni kikubwa.

Sasa sharti lenyewe. Kizidisho cha mwangalizi kina maana pale tu mtu yuleyule anapotumia darubini ileile miaka na miaka. Shuleni wanafunzi huhitimu, walimu huhamishwa, na vifaa hubaki kabatini. Kwa hiyo kabla ya kuchangisha fedha za darubini, atafutwe mtu mwenye makazi ya kudumu: mwalimu mstaafu wa fizikia pale Iringa mjini, au fundi wa Uyole anayependa anga. Darubini ikabidhiwe kwake, shule ziende kwake kujifunza.

Ugumu utakuja Jua likitulia, huenda karibu na mwaka 2030. Mwaka 2008 zaidi ya siku 250 zilipita bila doa hata moja. Kikundi cha vijana kitachoka mapema. Anayehitajika ni yule atakayeandika sifuri leo, kesho na wiki nzima ijayo, kwa sababu Brussels wanaihitaji sifuri hiyo sawasawa na 44.