Pesa za elimu maalum Marekani: utaratibu ulioandikwa unatibu nini, na unaacha nini

Marekani ina wilaya za shule zaidi ya 13,000, na kila moja inabanwa na sheria kumpatia elimu maalum mtoto yeyote mwenye ulemavu anayeihitaji, kwa kawaida kuanzia miaka 3 hadi 21. Watoto wanaohudumiwa chini ya sheria hiyo ya shirikisho ya elimu ya watu wenye ulemavu, IDEA, wamepita milioni 7. Lakini uliza nchi nzima inatumia kiasi gani kwa ajili yao, na utafiti wa kitaifa unaotajwa mpaka leo ni wa mwaka wa masomo 1999–2000. Ulikadiria takriban dola bilioni 50 kwa huduma za elimu maalum peke yake, na kwamba kumsomesha mtoto mwenye ulemavu kuligharimu karibu mara 1.9 ya mwenzake asiye na ulemavu. Waliokuwa darasa la kwanza mwaka huo leo ni watu wazima wenye watoto wao shuleni, na bado tunajadili bajeti kwa kutegemea tarakimu za wakati wao.

Tatizo linaanzia chini, wilayani, mezani kwa karani anayeamua gharama hii iingie kasma ipi, yaani fungu lipi la bajeti. Ndiyo maana wataalamu wa fedha za elimu wanasisitiza kwamba kila wilaya iwe na taratibu za maandishi zinazoeleza nani anaingiza nini, lini, kwa ushahidi gani, na nani anahakiki. Wapo wanaoliona pendekezo hilo kuwa mzigo mwingine wa makaratasi juu ya shule zilizokwisha kuelemewa. Mimi naliunga mkono, lakini hoja za wanaolipinga zina uzito zaidi kuliko wanavyokiri watetezi wake.

Ili kuona kiini cha mvutano huu, fuata mshahara wa mwalimu mmoja. Tuchukue wilaya ya kufikirika ambako mwalimu wa elimu maalum analipwa dola 60,000 kwa mwaka. Kabla shule hazijafunguliwa, karani wa mishahara anaandika mshahara wote chini ya elimu maalum, kama ratiba inavyosema. Wiki ya kwanza ya masomo mwalimu wa hisabati anaacha kazi, na mwalimu mkuu anamhamishia huyu nusu ya vipindi vyake kwenda madarasa ya kawaida. Hakuna anayemjulisha karani. Vitabu vinafungwa mwezi Juni vikionyesha dola 60,000 za elimu maalum, ilhali 30,000 kati ya hizo zilifundisha hisabati kwa watoto wote. Mwaka unaofuata mpangilio wa vipindi ni ule ule, ila anakuja mhasibu mpya, makini, anauliza, anaandika ukweli: dola 30,000. Watoto wenye ulemavu hawajapoteza hata kipindi kimoja kati ya mwaka ule na huu. Kwenye karatasi, wilaya imepunguza matumizi ya elimu maalum kwa dola 30,000.

Na hapo sheria inauma. IDEA inaitaka wilaya idumishe kiwango chake cha matumizi: fedha zake yenyewe, au zake pamoja na za jimbo, zilizotumika kwa watoto wenye ulemavu zisishuke chini ya mwaka uliotangulia. Kipimo kinaweza kuwa jumla ya fedha au wastani kwa mtoto. Zipo sababu chache zinazokubalika za kushuka: mtumishi wa elimu maalum kuondoka kwa hiari yake, kustaafu au kuachishwa kazi kwa sababu halali, idadi ya watoto wenye ulemavu kupungua, mtoto aliyehitaji huduma ghali kupita kiasi kuhama au kumaliza, ununuzi mkubwa wa muda mrefu, kama ujenzi, kwisha, au mfuko wa jimbo wa gharama kubwa kubeba mzigo. Nje ya hizo, upungufu unarudishwa serikali ya shirikisho kutoka fedha zisizo zake, ingawa kiasi kinachorudishwa hakizidi ruzuku ambayo wilaya ilipata. Jimbo ndilo linalodaiwa, nalo huigeukia wilaya.

Kwa hiyo wilaya yetu inaweza kujikuta inalipa kwa sababu mhasibu wake mpya ni mwaminifu kuliko aliyemtangulia. Inaweza kujitetea kwamba hesabu ya mwaka wa nyuma ilikosewa, lakini kwa ushahidi gani? Ratiba ya zamani imefutwa kwenye kompyuta, mwalimu mkuu amehamia jimbo jingine, karani amestaafu. Kwangu mimi hapa ndipo utaratibu ulioandikwa unapopata uhalali wake. Sentensi moja ingetosha kuzuia yote haya: mwalimu mkuu anapobadilisha vipindi vya mtumishi wa elimu maalum, ajaze fomu ya mabadiliko na kuipeleka ofisi ya mishahara ndani ya siku kadhaa, na nakala ibaki kwenye jalada.

Mishahara inachukua sehemu kubwa kuliko zote, ila mitego haiishii huko. Basi lenye msaidizi linalobeba watoto 4 wenye ulemavu na 10 wasio na ulemavu ligawanywe vipi? Muuguzi anayekaa na mtoto mmoja mwenye mashine ya kupumulia, huduma ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1999 iliamua kwamba wilaya lazima iitoe, ni gharama ya afya ya shule au ya elimu maalum? Lipo na jambo linalowagusa wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Familia nyingi za Wakongomani zimehamia Louisville, Houston, Portland ya Maine na kwingineko, na sheria inaitaka wilaya ihakikishe mzazi anaelewa kikao cha mpango wa elimu wa mtoto wake, ikiwemo kumletea mkalimani. Malipo ya mkalimani huyo yanaandikwa wapi? Mhasibu mmoja atasema elimu maalum, kwani kikao ni cha sheria hiyo. Wa pili atayaweka kwenye kasma ya wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Wa tatu atayaacha ofisi kuu ya wilaya, maana mkataba wa ukalimani ulisainiwa huko. Wote watatu wamefanya kazi kwa nia njema, na wilaya zao zikipangwa kwenye jedwali moja la jimbo, tofauti inayoonekana haina uhusiano wowote na watoto.

Sasa tuwape nafasi wanaopinga, nianze na hoja ninayoiona nyepesi kidogo. Wanasema taratibu zimeshakuwepo. Ni kweli kwamba kanuni za shirikisho za usimamizi wa ruzuku, zilizoanza kutumika mwishoni mwa 2014, zinataka wapokeaji wawe na taratibu za maandishi za kuamua gharama ipi inaruhusiwa, pamoja na kumbukumbu za kazi za watumishi wanaolipwa kwa ruzuku. Lakini fedha za shirikisho ni sehemu ndogo. Mwaka 1975 Bunge lilijiwekea kikomo cha kuchangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi kwa kila mtoto mwenye ulemavu, na bajeti ya kila mwaka haijawahi kufika huko. Mzigo mkubwa unabebwa na jimbo na wilaya, na ndio huo huo unaopimwa katika kudumisha kiwango. Wilaya nyingi zimeandika kwa uangalifu namna ya kuihesabu ruzuku, zikaiacha sehemu kubwa ya fedha itegemee kumbukumbu ya kichwa cha mtu mmoja.

Hoja ya pili ni nzito, nayo ni ya muda. Wilaya ndogo ya vijijini inaweza kuwa na mkurugenzi wa elimu maalum anayefundisha nusu siku na mhasibu anayesimamia pia mabasi na chakula. Saa anazotumia kuandika kitabu cha taratibu ni saa ambazo hakumwona mtoto. Vermont inatoa ushahidi wa aina yake. Kwa miaka mingi jimbo hilo lilirudishia wilaya sehemu kubwa ya gharama halisi za elimu maalum, kwa hiyo kila dola ilihitaji kuthibitishwa na walimu walilazimika kuandika muda wao kwa undani. Malalamiko yalikuwa kwamba wataalamu wanajaza fomu badala ya kusaidia watoto, na kwamba mfumo unawabana wasimsaidie mtoto mwingine aliyeketi meza ile ile. Sheria namba 173 ya 2018 ilibadilisha mfumo, na kuanzia mwaka wa fedha wa 2023 ruzuku ikawa inafuata idadi ya wanafunzi wote. Hata hivyo sharti la shirikisho la kudumisha kiwango halikuondoka, na Vermont bado inahitaji kujua nani amefanya kazi gani. Nikiusoma mfano huu naona onyo dhidi ya taratibu zinazodai maelezo ya kila nusu saa, na sioni ruhusa ya kukaa bila utaratibu.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua. Maandishi yana nguvu, na kosa likishaandikwa linatendwa kwa nidhamu. Texas mwaka 2004 iliingiza katika mfumo wake wa kukagua wilaya kipimo kilichozipa alama mbaya zenye wanafunzi wa elimu maalum zaidi ya asilimia 8.5. Wilaya zilifanya kile ambacho wilaya hufanya zikipewa namba: ziliisogelea. Sehemu ya wanafunzi waliopata elimu maalum jimboni ilishuka kutoka karibu asilimia 12 hadi kwenye shabaha hiyo. Gazeti la Houston Chronicle lilifichua jambo hilo mwaka 2016, bunge la jimbo likapiga marufuku kipimo hicho mwaka uliofuata, na Januari 2018 Wizara ya Elimu ya shirikisho ikatamka kwamba Texas imevunja sheria. Takwimu za miaka hiyo zilikuwa zimepangwa vizuri, zinalingana, zinakaguliwa bila shida, huku watoto waliostahili msaada wakiwa nje ya mlango. Mtetezi wa taratibu za maandishi asiyeweza kueleza atazuiaje hilo lisitokee tena hajamaliza kazi yake.

Jibu langu ni kutenganisha vitu viwili. Utaratibu unaoeleza namna ya kuandika kilichotokea unaisaidia takwimu. Utaratibu unaoeleza kiasi kinachopaswa kutokea unaiharibu. Ukurasa unaosema muda wa mtaalamu wa tiba ya usemi utagawanywa kwa mujibu wa ratiba iliyosainiwa ni wa aina ya kwanza. Ukurasa unaosema gharama za tiba ya usemi zisizidi kiasi fulani kwa shule ni wa aina ya pili, na haufai kukaa ndani ya kitabu cha uhasibu hata kama kamati ya bajeti inautaka.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana hadharani. Sharti la kudumisha kiwango linaifanya takwimu safi kuwa ghali. Wilaya ikihesabu kila kitu kwa usahihi, pamoja na mkalimani na sehemu ya basi, kiwango chake kinapanda, na mwaka ujao kitaidai. Ikiwa na ukungu kidogo, inabaki na nafasi ya kupumua. Sidhani wakurugenzi wengi wa fedha wanapanga udanganyifu, lakini naamini wengi hawana haraka ya kuuondoa ukungu huo. Lawama hapa inaiangukia sheria yenyewe, inayoyapima matumizi ya mwaka kwa mwaka na kutoa nafasi finyu kwa wilaya iliyopata njia bora na nafuu ya kumhudumia mtoto yule yule. Wanaotaka takwimu nzuri wangefanya vyema kudai pia kwamba wilaya inayojirekebishia hesabu kwa hiari, ikiwa na nyaraka, isiadhibiwe kwa tofauti iliyozaliwa na marekebisho hayo tu.

Wazazi wana shaka yao, kwamba hesabu safi si uthibitisho wa mtoto kusaidiwa, na nadhani wako sahihi. Mwaka 2017, katika kesi ya Endrew F., Mahakama ya Juu ilisema mpango wa elimu wa mtoto lazima ulenge maendeleo yanayofaa kwa hali yake, yanayozidi maendeleo kiduchu. Daftari la hesabu halijui kama mtoto ameendelea. Dola 60,000 zilizoandikwa kikamilifu zinaweza kumlipa mwalimu mahiri au nafasi iliyojazwa na vibarua wanaobadilika kila mwezi. Lakini mzazi anayekwenda kwenye kikao cha bajeti kuuliza kwa nini shule ya mwanawe haina mtaalamu wa tiba ya usemi anahitaji kwanza tarakimu isiyobishaniwa. Bila hiyo atajibiwa kwamba matumizi yamepanda kila mwaka, na hatakuwa na la kusema.

Kwa hiyo ningeanza na kurasa chache tu, zilizoandikwa na karani wa mishahara, mhasibu na mkurugenzi wa elimu maalum wakiwa meza moja, kwa kuwa hao watatu ndio wanaojua habari inapotea wapi. Zihusu watumishi wanaogawanya muda, usafiri, mikataba ya nje na ukalimani, pamoja na ukaguzi wa katikati ya mwaka, kabla vitabu havijafungwa, kati ya orodha ya mishahara na ratiba za shule. Kila uamuzi wa mashaka uandikwe tarehe na sababu, ili mhasibu ajaye aone kilichofikiriwa. Majimbo yasaidie wilaya ndogo kwa kiolezo chenye nafasi za kujaza na mtu wa kumpigia simu. Na kurasa hizo ziwekwe mahali mzazi anaweza kuzisoma, kwa lugha anayotumiwa barua nyingine za shule, ili akiona tarakimu kwenye bajeti ajue imetokana na nini na nani wa kumuuliza.