Masikini jeuri, au sie ndo hatujui kutoa?

Ramadhani moja nilikuwa Wete, Pemba, kwetu nikajiunga na vijana waliokuwa wakigawa futari, na nyumba ya nne tu tuliyopiga hodi mwenye nyumba akatukatalia. Mkoba tumeshamuekea barazani, ndani mna mchele kilo tano, sukari kilo mbili, mafuta lita moja, tambi na paketi ya tende, na mie najua fika (mama yangu ndo alonambia) kwamba nyumba ile siku mbili zile walifuturu uji mtupu na muhogo wa kuchemsha, nazi hamna. Yule mama akautazama mkoba, akamtazama kijana wetu alokwisha nyanyua simu kwa ajili ya picha, akasema kwa adabu zake zote, "Allah akulipeni kheri wanangu, lakini mpelekeeni mwenye dhiki, sie alhamdulillahi." Kisha akaurudisha mlango. Hakuubamiza, kaurudisha polepole tu.

Njiani mmoja wetu akasema lile neno tunalolisema sote, "masikini jeuri", wengine wakacheka, mkoba ukaenda nyumba nyengine. Mie sikucheka lakini pia sikusema kitu, na tokea siku ile jambo hili nalizungusha kichwani, kwa sababu kila mwaka tunalikuta hilo hilo, mwenye njaa anakwambia kashiba na asiye na shida hiyo anakuja mbio na ndoo tatu na watoto wa jirani kawahesabu wake.

Sasa wanaolaumu hawajakosa moja kwa moja, tuwe wakweli. Nyumbani kwa yule mama mna watoto, na mtoto wa miaka sita heshima ya mamaake haimjazi tumbo. Na dhiki yenyewe si ya kubuni, utafiti wa bajeti za kaya wa 2019/20 ulionesha asilimia 25.7 ya Wazanzibari wako chini ya mstari wa umasikini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 9.3 hata hicho chakula peke yake hawakimudu, yaani kama mtu mmoja katika kila kumi na moja, na Pemba hali ni nzito kuliko Unguja, Micheweni ndo usiseme. Ukiwa na mkoba mkononi na takwimu hizo kichwani halafu mtu akakurejeshea mlango, hasira inakuja, mie mwenyewe ilinijia.

Na wanayo hoja ya dini pia, tena ya nguvu. Zaka si hisani ya tajiri, Qur'ani imesema katika mali zao mna haki maalumu ya anaeomba na ya alienyimwa. Haki! Mtu anaekataa haki yake anamkomoa nani? Shehe mmoja alikuwa akitusomesha msikitini akisema ukikataa zaka nawe ni fakiri unamfungia mwenzio mlango wa ibada yake, na kwa upande wangu hilo nalikubali.

Lakini kitabu hicho hicho, Al-Baqara aya ya 273, kinawasifu mafakiri wa namna ya yule mama, wale ambao asiewajua huwadhani matajiri kwa vile wanavyojizuia, hawang'ang'anii watu. Na aya chache nyuma yake watoaji wanakatazwa wasiziharibu sadaka zao kwa masimango na udhia. Yaani adabu ameanza kufundishwa mwenye kutoa, na sie tunaanza kumfundisha mwenye kupokea.

Nnavyoona mie, kitu kinachokataliwa pale mlangoni si mchele. Fikiria Ramadhani zetu zinavyokwenda. Saa kumi na moja jioni watoto wanapishana mitaani na sahani zimefunikwa kawa, nyumba hii inapeleka kachori nyumba ile inaleta boko boko, na sahani ya jirani hairudi tupu, kila aliekulia huku anajua. Unaiosha, unakaa nayo mpaka siku na wewe umepika, ukikosa kabisa unatia hata ndimu tatu za uwani. Hakuna anaehesabu thamani, boko boko la nyama linaweza kurudi kwa ndimu na watu wakabaki majirani wenye salamu zao. Kwenye mzunguko huo masikini wengi wanakula Ramadhani nzima na hakuna hata mmoja aliewahi kuitwa masikini. Sasa mkoba wetu hauna sahani. Hauna pa kurudi. Ukishaupokea umekubali kwamba wewe ni wa kupokea basi, na si kwa jirani yako bali kwa watu wasiokujua, tena mchana kweupe, mtaa mzima uko barazani unatazama.

Halafu kuna masimbulizi, na hapa ndo watu wanapoumia hasa. Ukishapokea, maisha yako yanakuwa ya hadhara, mtoto wako akionekana na viatu vipya vya sikukuu (kanunuliwa na mjomba yuko Oman huko) utasikia "na juzi tumewapelekea mchele". Binti akinunua chipsi maneno, ukipaka nyumba chokaa maneno. Mkoba wa shilingi elfu thelathini au arubaini unageuka kibali cha kukukagua mwaka mzima, na hakuna siku utaambiwa deni limekwisha. Mtu mzima aliekwisha kuona mwenziwe akisimbuliwa hivyo anapiga hesabu zake haraka haraka pale mlangoni, anaona uji mtupu una nafuu.

Pemba kuna na hili la siasa, tusijifanye hatulijui. Sie tumetoka mbali, baada ya uchaguzi wa 1995 watu walifika kususiana mpaka maziko, duka la wa chama kile hununui, harusi yake huendi, na ingawa maridhiano na serikali ya umoja wa kitaifa ya 2010 vilipooza mambo, macho ya watu hayajasahau. Mkoba ukija umeandikwa jina la mtu au una rangi ya chama, chochote kile, mpokeaji anajua kesho atahesabiwa. Mgombea atasema mie natoa sadaka tu, na inawezekana kweli moyo wake ndo hivyo. Ila mwaka wa uchaguzi tende zinazidi, hilo nalo tunaliona.

Kuhusu picha ntasema maneno mengi kidogo kwa sababu hapa hata mie nimegawika. Yule mama aliiona simu kwanza, ndo akakataa. Nnae binti wa ndugu yangu, rafiki yake skuli alionekana kwenye picha ya kugawa futari amesimama nyuma ya mamaake, picha ikapita magrupu ya WhatsApp, na darasani wakamwita "Tende" mpaka likizo. Mtoto wa darasa la sita! Mamaake mwaka wa pili hakujitokeza tena, na shida ile ile.

Lakini kaa upande wa mgawaji kidogo. Mfadhili yuko Dubai au Uingereza, au ni Mpemba mwenzetu ana duka Dar, pesa katuma na hamjui mtu, anataka aone zimefika. Kuna mwaka kikundi chetu tuliacha picha kwa ajili ya sitara hiyo hiyo, tukaandika majina kwenye karatasi tu, na polo tatu za mchele ziliishia njiani mpaka leo hakuna anaesema alizila nani. Sitara ya masikini ikawa sitara ya mwizi. Kwa hivyo anaesema "acheni picha" bila ya kusema utamuonesha nini mfadhili, huyo hajawahi kugawa. Na dini haikuharamisha kudhihirisha, imesema ukidhihirisha sadaka ni vizuri, ukiificha ukawapa mafakiri ni bora zaidi, na wapo waliotoa kwa sababu wameona wenzao wametoa. Mie nnachouliza ni kwa nini lazima uso uwemo. Piga picha mipolo, risiti, gari linapakia, sheha (kiongozi wa mtaa) anatia saini. Mfadhili anaetaka lazima aone machozi ya mtu, tatizo lake jengine kabisa.

Ukidhani haya ni yetu peke yetu, Uingereza nako wana vituo vya kugawa chakula, mtandao mkubwa kabisa, Trussell, kituo chake cha kwanza kilianza mji wa Salisbury mwaka 2000, na utaratibu wao wa kawaida mtu huja na vocha alopewa na daktari, mwalimu au mtu wa ustawi wa jamii aliethibitisha shida yake. Mzungu huyo tunaemdhania hana haya nae huona aibu vile vile, wengi hungoja mpaka kabati limebaki tupu ndo waende, na wengi wao husema maneno ya yule mama wa Wete, kwamba wapo wenye shida kuliko mimi.

Na hilo la "mpelekeeni mwenye dhiki zaidi" msilichukulie kama uongo wa adabu tu. Mtu akila mara moja kwa siku daima atamjua mwengine anaekosa hiyo moja.

Basi nani aandikwe na nani asiandikwe? Hapa tunao mfano mzuri nyumbani. Aprili 2016 Zanzibar ilianza Pensheni Jamii, kila mzee wa miaka 70 na kuendelea alikuwa akipata shilingi 20,000 kwa mwezi, haulizwi una nini, huna nini. Mzee mwenye maduka Darajani na mvuvi mstaafu wa Kojani wote wana haki sawa, na sijawahi kusikia mzee hata mmoja ameona haya kuipokea, wanavaa kanzu zao na kofia wanakwenda kama wanakwenda harusini. Mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya masikini ni kinyume chake, unachagua, na jamii yenyewe inashiriki kuzitaja kaya masikini mkutanoni, jina lako lisomwe mbele za watu kwamba wewe ndo fakiri wa shehia hii. Wapo wanaofurahi wakisomwa na wapo wanaotamani ardhi ipasuke. Lakini usinielewe vibaya, pesa ya kumpa kila mtu haipo, wazee wa miaka 70 ni wachache ndo maana imewezekana, na ukiacha kuchagua kabisa watakula wenye sauti. Ukichagua hadharani unawafukuza wenye haya, ukichagua kwa siri unawafungulia wenye tamaa. Hili fundo sijaona aliyelifungua vizuri.

Ila wazee wetu walikuwa na ujanja wao. Angalia chakula cha hitma. Hitma ikisomwa sinia la wali linakaliwa na watu wanne au watano, mkurugenzi na mchukuzi mikono yao imo humo humo, kwa sababu unakula kwa ajili ya thawabu za marehemu, wewe ndo unaemfanyia hisani. Nimemuona mama yangu akipeleka chakula kwenye nyumba yenye njaa akasema "nimemsomea hitma baba", na baba kweli kamsomea, Yasini moja jikoni huku anakuna nazi.

Na zaka ya fitri, hii ndo inanishangaza zaidi. Pishi moja kwa kila kichwa, kilo mbili na nusu hadi tatu hivi, na kwa madhehebu yetu ya Shafii anaewajibika si tajiri, ni yeyote aliekuwa na cha kuzidi chakula chake na cha watu wake cha usiku na mchana wa sikukuu. Kwa hivyo unamkuta mtu asubuhi anapokea pishi za watu na huku na yeye kashapima zake anazipeleka kwa mwengine. Amepokea na ametoa siku moja. Ndo maana fitri haikataliwi, sahani imerudi.

Mtu ataniambia hayo ni ya jirani na jirani, sie tuna mikoba mia mbili na siku tatu za kuigawa, utasoma hitma mia mbili? Ana haki. Wazo moja nililoliona likifanya kazi ni daftari la duka. Kila mtaa una duka lenye daftari la madeni, wenye shida wote wamo humo na muuza duka anawajua kuliko sheha. Unakwenda, unalipa kurasa kadhaa, unaweka na akiba mbele, mama akija kuchukua unga anaambiwa "deni lako limelipwa, chukua". Anaondoka mteja vile vile, na risiti ya muuza duka ukampelekee mfadhili. Kasoro ipo, muuza duka nae binaadamu, bei anaweza kuipandisha au jina akaongeza la shemegi yake, na wale ambao hata kukopeshwa wameshakataliwa hawamo daftarini. Hao ndo hohehahe hasa, na wao bado watahitaji mtu wa kupiga hodi, ila aende baada ya tarawehe, mtu mmoja, simu mfukoni.

Yule mama wa nyumba ya nne, mama yangu alimpelekea tambi siku ya pili yake, sahani moja imefunikwa kawa, kamtuma mtoto na salamu tu. Sahani ikakaa siku tatu. Ilipokuja ilikuwa na kisamvu kimetwangwa vizuri, kibichi, cha kutosha mkono mmoja. Mama akakitazama akasema, "Haya, sasa mchele nnaweza kupeleka," na ukaenda, na ukapokelewa.

Sie kikundini tukabakiwa na mikoba kumi na mbili, na usiku ule mfadhili kapiga simu anauliza mbona picha hazijatimia.