Kusahau papo hapo si ujinga

Kuna mwandishi ameandika kwamba vijana wa leo ni weupe kichwani kwa sababu aliowahoji mtaani walitaja Sydney kuwa mji mkuu wa Australia badala ya Canberra. Jamani, kosa hilo hata wazee wanalifanya! Akili hudaka jina ililolisikia mara nyingi, basi.

Jaribuni hili nyumbani, bila kumtahadharisha mtu: "Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila aina kwenye safina?" Wengi watajibu "wawili" bila kusita. Aliyejenga safina ni Nuhu, na wanajua fika. Mwaka 1981 wanasaikolojia Erickson na Mattson waliwauliza watu swali hilohilo, wengi wakanasa ingawa habari za Nuhu walikuwa nazo. Mimi nilinaswa na binti yangu wa darasa la sita mbele ya mashemeji, na madrasa nimesoma.

Sasa utasema sina maarifa? Kuna kujua, kuna kukumbuka papo hapo, na kuna lile jina lililo mdomoni ila halitoki mpaka usiku umeshalala. Chemsha bongo ya barabarani, kipaza sauti puani, inapima hicho cha pili tu, tena vibaya. Halafu mwanasaikolojia Raymond Cattell alishatenganisha zamani wepesi wa kufikiri na maarifa yanayolundikana kwa miaka. Kwa hayo ya pili, kijana wa miaka 18 atamzidi wapi babu yake? Mngewauliza na hao mababu namna ya kutuma faili kwa simu, tuone.