Ayala wa Uskoti hawana simba

Usiku ule niliamka nikawasha taa. Oktoba, kaskazini mwa Uskoti, nimetoka zamu ya jikoni hotelini, na huko mlimani kuna kitu kinanguruma. Mtoto wa Mikumi, kando ya hifadhi yenye simba kule Tanzania, hasikii mngurumo akaendelea kulala. Asubuhi nikamuuliza mwenzangu: kumbe huku mna simba? Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Ni dume la ayala, anaita majike na kuwatisha wenzake.

Ayala! Tangu utotoni tunamwimba kanisani na hatumjui, maana Afrika nzima ayala wa asili yuko Algeria na Tunisia tu. Mimi nilidhani ni swala mkubwa. Kumbe mbali. Pembe za swala ni zake mpaka kufa. Dume la ayala huziangusha kila mwaka, Machi au Aprili, zikaota upya zikiwa zimevikwa ngozi laini kama mahameli. Kufika Agosti anaisugua kwenye vichaka ibanduke. Niliokota pembe moja kando ya kijito, ncha zimeliwa. Ni wao wenyewe huzitafuna wapate madini. Ninayo dirishani hapa.

Sehemu kubwa ya mwaka madume hukaa kivyao, majike kivyao. Msimu wa kupandana ukifika dume halili la maana kwa wiki kadhaa: anagaagaa kwenye tope jeusi, ananuka, anapigana, anakonda. Juni jike anazaa mtoto mwenye madoadoa, anamficha majanini na kwenda kula, akirudi kumnyonyesha. Ukimkuta amelala kimya peke yake usimguse, hajatupwa.

Sasa niseme langu. Mbwamwitu wa huku (wolf) waliuawa wote karne kadhaa zilizopita, kwa hiyo ayala mkubwa hana mnyama wa kumla. Wamejaa milimani, miche ya miti wanaimaliza kabla haijakua. Kazi ya simba inafanywa na bunduki: kila mwaka Uskoti hupiga zaidi ya laki moja wa jamii zote za ayala. Kisheria mnyama akiwa hai hana mwenyewe, lakini haki ya kumpiga ni ya mwenye ardhi, na wageni humlipa pesa nyingi waje kupiga dume. Nyama nyingine naikata mimi jikoni.

Kwetu mnyama ni wa serikali. Tembo walimaliza mahindi ya mama usiku mmoja, kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa hasara hiyo, kikachelewa mpaka tukakisahau. Jirani yetu alikutwa na paja la swala sufuriani, akafungwa. Halafu mgeni wa hotelini, mdomo umejaa nyama ya ayala, ananiuliza kwa huruma kwa nini watu wetu wanaua wanyama. Namuuliza mbwamwitu wake wako wapi. Kuna wanaotaka warudishwe, wafugaji wa kondoo hawataki hata kusikia. Nawaelewa kabisa, wafugaji hao. Ila wangelala Mikumi wiki moja.

Nilimsimulia mama kwenye simu. Akauliza: hao ayala wakiingia shambani, mwenye shamba analipwa kifuta jasho? Nikamwambia hapana, anaruhusiwa kuwapiga alinde mazao yake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza risasi huko ni shilingi ngapi.