Wabuki na Hesabu ya Wanawake Thelathini

Mazungumzo ya mabaraza ya Tanga yanapofikia Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu walikijua kwa jina la Bukini, hukumu huwa imeshatolewa kabla kahawa haijapoa: Wabuki ni watu wa Indonesia waliovuka bahari, na damu ya Kiafrika waliyo nayo ililetwa baadaye na biashara ya utumwa.

Sehemu ya kwanza ya hukumu hiyo haipingiki. Mnorwe Otto Christian Dahl alionyesha mwaka 1951 kwamba Kimalagasi, lugha ya hao Wabuki au Wamalagasi, kina udugu wa karibu mno na Kimaanyan, lugha ya bonde la mto Barito kusini mwa Borneo, upande wa Indonesia, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Madagaska. Uchunguzi wa mabaki ya mimea uliotolewa mwaka 2016 uliongeza uzito, kwani katika makazi ya kale ya Komoro na Madagaska zilitawala mbegu za mpunga na choroko, mazao ya Asia, ilhali katika makazi mengi ya pwani ya bara ulitawala mtama, uwele na kunde. Hata matengo ya ngalawa tunazoziona Sahare, wataalamu wengi huyahusisha na mabaharia hao.

Mashaka yangu yako kwenye sehemu ya pili, hasa kwenye tarakimu moja inayotumiwa kuitetea. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Murray Cox walikadiria kwamba wakazi wa Madagaska walitokana na wanawake wapatao 30 tu, yapata miaka 1,200 iliyopita, na kwamba asilimia 93 yao walikuwa wa asili ya Indonesia. Kwa hesabu hiyo Mwafrika anabakiwa na wanawake wawili, na wasomaji wengi huishia hapo, kana kwamba mtu alisimama bandarini akiwahesabu abiria mmoja mmoja. Hiyo 30 si orodha ya abiria. Ni matokeo ya mfano wa kompyuta uliolishwa vinasaba vya mitokondria vya Wamalagasi 266 wa jamii tatu, na vinasaba hivyo hurithiwa kwa mama peke yake, kiasi kwamba mwanamke aliyezaa wana wa kiume watupu hutoweka katika hesabu hata kama wajukuu wake wamejaa kisiwa kizima. Baba naye hahesabiwi kabisa, na simlaumu mtafiti kwa hilo, maana hakuwa akimtafuta; wa kulaumiwa ni anayeichukua historia ya akina mama waanzilishi akaifanya historia ya taifa zima.

Utafiti mpana zaidi ulitoka mwaka 2017, ukiwa umepima watu 2,704 katika vijiji 257 vya kisiwa chote. Humo ukoo wa baba ulionekana kuwa wa Kiafrika kwa takriban asilimia 70, na ukoo wa mama kwa takriban asilimia 42. Ni vigumu kuona jinsi wanawake wawili kati ya 30 walivyoweza kuacha sehemu kubwa kiasi hicho ya ukoo wa mama pasipo dada zao wengi kufuata.

Je, hao waliofuata walikuwa watumwa? Wengine, naam: Wamakoa wa pwani ya magharibi ya Madagaska ni wazao wa watu waliotolewa Msumbiji wakiwa mateka, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Lakini utumwa hauelezi kwa nini kila Mmalagasi aliyepimwa, hata mtu wa kabila la Merina la nyanda za juu ambako asili ya Asia ina nguvu zaidi, alikutwa na asili zote mbili. Wala hauelezi ufugaji: majina ya Kimalagasi ya ng'ombe, kondoo na kuku yana chimbuko la Kibantu, na mfungwa hasafiri na zizi lake.

Umbali wa kuvuka kutoka Msumbiji ni kama kilomita 400, na Komoro iko njiani, ambako wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya vyungu vinavyofanana na vya pwani yetu ya karne ya 8 hadi ya 10. Watafiti wa 2017 waliona kwamba mgawanyo wa asili hizo mbili kisiwani haulingani na watu waliofika wakiwa wameshachanganyika; unalingana na uhamiaji wa aina mbili, mmoja kutoka Asia na mwingine kutoka Afrika, kila mmoja kwa njia yake.