Sikumposa Bosi, Nilikuwa Namwamkia

Kabla hamjaendelea kumsikiliza yule mwenzangu wa Tabata na ile voisi yake isiyoisha, eti nimemposa bosi na kumbusu mbele za watu, naomba na mimi nisikilizwe. Sikumposa bosi. Sikumbusu bosi. Haya, nilimbusu kidogo, tena kwa bahati mbaya, na kulikuwa na uma katikati. Naandika mwenyewe huku paji la uso bado linawasha.

Hapa Dubai ukifanya kazi hausikipingi, usafi wa vyumba vya hoteli, utake usitake Kitagalog, lugha ya Wafilipino, kitakupata. Ghorofa letu zima, ukinitoa mimi, Mnepali mmoja na huyo mmbea wa Tabata, ni Wafilipino. Mwalimu wangu ni Kuya mmoja ninayekaa naye chumba kimoja. Kuya ni kaka mkubwa, na ole wako umwite aliyekuzidi umri kwa jina kavu. Darasa letu ni basi la kampuni. Magandang umaga asubuhi, magandang tanghali jua likiwa utosini, magandang hapon alasiri, magandang gabi usiku. Ukiongea na mkubwa unabandika "po", na ndiyo yako inakuwa "opo". Kumusta waliachiwa na Wahispania waliowatawala zaidi ya miaka 300. Salamat, asante yao, mtu wa Tanga anaimeza bila maji. Na kuna wale Wazungu wa mapokezi wanaohangaika na "ngayon" mpaka machozi yanawalenga. Sisi tuna ng'ombe tangu darasa la kwanza, hiyo ng' yao kwetu ni mteremko.

Kilichoniponza ni lifti. Asubuhi moja nimo kwenye lifti ya wafanyakazi, mlango unafunguka, dada mmoja na troli lake ananiuliza, "Bababa ba?" Mwingine angedhani anaulizwa habari za baba yake. Mimi nikajibu bila kupepesa, "Bababa." Yaani inashuka? Inashuka. Lifti nzima ikanipigia makofi. Kuanzia hapo kichwa kikavimba, kila kitu nikawa najibu opo. Nimeulizwa nisichokielewa, opo. Nimeongezewa vyumba visivyo vyangu, opo.

Sasa mama yake Kuya akaja kutembea kutoka Batangas, kwao Ufilipino, akatimizia miaka 70 hapahapa. Sherehe ikawekwa Satwa, mtaa wa hapahapa Dubai, kwenye fleti ya mpwa wake iliyokatwa patisheni mpaka unahisi hata jiko lina mpangaji. Kuya akanipika vizuri. Bibi ni Lola. Ukimfikia, unasema "mano po", unaupokea mkono wake, unainama, unaugusisha mgongo wa kiganja chake kwenye paji lako la uso. Yeye anakuombea, "Kaawaan ka ng Diyos", Mungu akurehemu. Nikamwambia, Kuya, hiyo si ndiyo shikamoo na marahaba? Mimi nimezaliwa nayo.

Watu wa Tanga mmeshaanza kuguna, nawasikia. Maana kwetu mtoto wa chuoni, yaani madrasa, akimwamkia mkubwa, mkono anaubusu. Mwili wangu umefanya hivyo tangu sina meno ya mbele. Lishikilieni hilo.

Tumefika. Viatu mlangoni. Ndala za wageni zimebaki za kike, nyekundu, kisigino changu kizima kiko nje kinapiga deki. Videoke, ile karaoke yao inayokupa maksi ukimaliza kuimba, inaunguruma, mjomba mmoja kafumba macho anaimba kwa uchungu wa mtu aliyeachwa juzi. Mezani kuna pancit, tambi ambazo sherehe ya kuzaliwa haiendi bila hizo, maana urefu wake ndio urefu wa maisha, na kuzikata ni kujitakia balaa. Kuya kaingia jikoni na keki. Na kwenye kile kiti kikubwa cha katikati, ambacho nyumba yoyote yenye adabu anakaa bibi, kakaa mama mmoja. Shungi la mvi mbele. Miwani yenye mnyororo. Sahani mapajani. Kila anayepita anajikunja kidogo kumpisha. Nikasema moyoni, Lola huyu hapa.

Jamani, Lola alikuwa jikoni anakaanga lumpia, vile vitafunio vyao vya kuviringishwa.

Pale kitini kakaa meneja wetu wa hausikipingi. Wenzangu wanamwita Mam. Mimi nilipoanza kazi alikuwa likizo, nikawa namjua kwa saini yake kwenye rosta tu. Na zile mvi, nimekuja kuambiwa baadaye, amezilipia saluni.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo voisi ya Tabata inapodanganya.

Napiga hatua mbele, ndala zinalia. "Magandang hapon po, Lola!" Nimepaza sauti mpaka patisheni ya jirani, nikijua bibi huenda masikio yamechoka. Mkono wake wa kulia uko njiani kwenda mdomoni, umeshika uma, uma umebeba pancit. Mwenye akili angesubiri ameze. "Mano po!" Nimeshaudaka. Yeye anaurudisha kwake, mimi nauvuta kwangu, tambi zinaning'inia katikati hazijui ziende kwa nani. Nainama. Na hapo mwili ukasahau kwamba tuko Satwa. Paji la uso lilikuwa linatangulia vizuri tu, lakini midomo nayo ikatoka mbio kuwahi, chuo kimeniingia mwilini, nikafika na vyote kwa mpigo: uma kwenye paji, midomo kwenye kifundo cha mkono, na tambi moja imelala juu ya jicho la kushoto. Ndefu kweli. Ya maisha marefu.

Mngekuwa nyinyi mngeinuka. Mimi nikabaki nimeinama. Nasubiri marahaba! Si niliambiwa kuna dua inakuja? Mtu hujaitikiwa unaondokaje? Nikaziangalia pete zake, mbili, moja ina jiwe la kijani. Nikasikia harufu ya kalamansi, ndimu zao ndogo, kwenye vidole. Dua haiji. Mjomba wa videoke kanyamaza. Nyuma ya friji kuna mtu anapumua kwa taabu, ndiyo huyo wa Tabata, anakata roho kwa kicheko.

Ndipo Mam akauliza, taratibu, neno moja moja: "Mukha na ba akong lola?"

Katika yote hayo nilidaka lola peke yake. Nikaona afadhali, bibi anataka kuhakikisha nimemtambua. Nikajibu kwa adabu zote nilizofundishwa ndani ya basi.

"Opo, Lola."

Alikuwa ameuliza kama sura yake imeshakuwa ya bibi. Dada zangu mliowahi kupewa shikamoo kwenye daladala na mtu mwenye ndevu, nyinyi peke yenu ndio mnaoweza kuuona ule uso nilioangaliwa nao.

Na videoke haina haya. Ikaichagua sekunde hiyohiyo kutangaza maksi za mjomba: 98, na tarumbeta, na vifijo.

Yaliyofuata nayakumbuka vipande vipande. Kuna mtu alinibandua tambi. Lola mwenyewe akatoka jikoni na koleo mkononi, akaelezwa, akacheka mpaka akatafutiwa kiti, na kiti chenyewe kikawa kilekile, Mam kanyanyuka. Akaninyooshea mkono, dua nikaipata. Kuya akanifundisha papo hapo kuomba radhi, "pasensya na po", nikaigawa chumba kizima, hadi mjomba kaipata yake na hakuelewa ya nini. Halafu nikala, tena vizuri, aibu na njaa ni idara mbili tofauti. Rosta mpya ikatoka: mimi usiku.

Kazini sasa naitwa Apo. Mjukuu. Hata Mnepali ananiita hivyo, na yeye kwenye sherehe hakuwepo, kaisikia kwenye voisi, kwa Kiswahili, lugha ambayo haijui.

Mam hajasema neno mpaka leo. Ila tukikutana koridoni anaunyoosha mkono, kimya, anasubiri. Jana asubuhi namalizia zamu, kaunyoosha mbele ya wageni, mzee mmoja wa Kijerumani na mkewe, wanatoka kunywa chai. Nikaweka mashuka chini, nikainama, safari hii midomo nimeibana. Yule mzee akamwangalia mkewe, akavua kofia, akaja kupanga foleni nyuma yangu. Naye akainama.

Huyo aliombewa dua palepale.